Mashine ya kudurufu: "o" zinatoboka, upande mmoja umefifia. Naomba ushauri

Mlezi_Klabu
Wakuu, heshima kwenu. Shuleni tuna mashine ya kudurufu ya Gestetner ya mkono, ya silinda mbili na skrini ya hariri ya kupitishia wino. Tunataka wanafunzi wadurufu nakala 200 za ukurasa mmoja siku ya maonyesho. Stensili tunakata kwa taipureta. Shida: "o" na "e" zinatoka madoa meusi, upande wa kushoto umefifia, migongo ya karatasi inachafuka. Tuanzie wapi?

Karani_Mkongwe
Anza na taipureta, mkuu. Stensili ni karatasi ya nyuzi nyembamba iliyopakwa nta au vanishi. Herufi ikigonga inasukuma upako pembeni, nyuzi zinabaki, na wino unapenya katikati yake. Ukigonga kwa nguvu nyuzi zinakatika, kitovu cha "o" kinadondoka. Kwa hiyo "o" na nukta ziguse kwa wepesi, "M" na "W" zikaze. Utepe uzime kabisa. Sugua herufi kwa mswaki mkavu kabla ya kuanza na kila unapobadilisha stensili, kwa sababu uchafu ukijaa tumboni mwa "e" nao unasukuma upako.

Ukikosea, tenganisha kwanza stensili na karatasi ya nyuma iliyoshikamana nayo, upake dawa ya kusahihishia safu nyembamba, ikauke, ndipo ugonge upya. Usipotenganisha zitagandana, na ukizibandua stensili itachanika.

FunduWino
Huo upande wa kushoto msiumwagie wino. Ivueni skrini muishike dirishani: pasipopitisha mwanga pameziba kwa wino mkavu. Pafuteni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto, na brashi ya waya isikaribie hariri. Skrini ikiwa safi, tazameni rola za wino. Zinapozunguka zinatakiwa pia zicheze kushoto na kulia. Zikigoma, wino unarundikana upande mmoja.

Stensili yenyewe ivalisheni matundu yake kwenye meno ya mashine, karatasi ya nyuma ikiwa juu, mshike mkia wake huku mpini ukizungushwa taratibu. Ikilala bila kunyanzi, ng'oeni karatasi ya nyuma.

Mama_Ofisi
Kuhusu migongo, angalia doa kwanza. Likiwa ni maandishi ya nakala jirani, karatasi ndiyo tatizo: wino huu ni wa mafuta, hukauka kwa kunyonywa, na karatasi ya fotokopi ni laini mno. Tafuta karatasi ya kudurufu yenye vinyweleo. Ukiikosa, punguza wino na uchomeke karatasi chakavu kati ya nakala. Lakini doa likirudia mahali palepale huku likififia, rola ya kugandamiza imeshika wino baada ya mzunguko uliopita bila karatasi. Ifute, na upepee karatasi vizuri kabla ya kuzipanga trei.

Mlezi_Klabu
Shukrani sana, wakuu. Stensili ikishatumika inafaa tena?

Karani_Mkongwe
Inafaa. Ilaze kati ya magazeti, bonyeza kwa kiganja, badilisha gazeti mpaka lisishike wino. Kisha iweke kwenye bahasha bila kuikunja, na juu ya bahasha bandika nakala moja ili ijulikane ni ipi.