Moduli 8 au ukumbi mmoja kwa chombo cha walowezi wa Mirihi?

mchora_moduli: Wakuu, habari zenu. Mradi wangu wa mwisho chuoni ni chombo cha kupeleka watu 32 Mirihi. Nimekigawa moduli 8 za watu wanne wanne, zote zinafungukia korido moja. Msimamizi wangu anasema milango yote hiyo ni uzito wa bure, nifanye ukumbi mmoja. Nishikilie au nibadilishe?

fundi_wa_meli: Shikilia, kijana. Kazi yangu ni nyaya za meli, na habari ya milango inanigusa sana. Tarehe 25 Juni 1997 chombo cha mizigo Progress kiliigonga moduli ya Spektr kwenye kituo cha anga cha Mir cha Urusi, hewa ikaanza kuvuja. Kituoni walikuwemo wanaanga Tsibliyev, Lazutkin na Foale. Dawa ilikuwa kuitenga Spektr, lakini mlango haufungiki: nyaya zimepitishwa katikati yake! Ikabidi wazichomoe, nyingine wazikate, ndipo wakaziba. Walipona kwa kuwa walikuwa na pa kukimbilia.

Ila paneli za jua za Spektr zilikatika pamoja na nyaya hizo, kituo kikapoteza karibu nusu ya umeme wake. Agosti kikafungwa kifuniko chenye soketi, umeme unapita, hewa haipiti. Chora hicho kabla ya vitanda. Melini waya haupitishwi mlangoni hata siku moja. Unatoboa ukuta, unaziba kwa glandi, yaani kizibo kinachoubana waya pande zote.

jirani_wa_nyota: Uzito ukikubana, angalia moduli za kujazwa hewa. Mojawapo, BEAM, ilipachikwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa mwaka 2016: kilo 1,400 hivi, ikijaa ni mita za ujazo 16.

mchora_moduli: Shikamoo mzee, nimekuelewa. Mlango sasa ufungukie upande gani, koridoni au ndani ya moduli?

fundi_wa_meli: Marahaba. Weka miwili kila kiungo cha moduli na korido, mmoja upande wa koridoni, mmoja upande wa ndani ya moduli. Mlango wa duara wenye kipenyo cha sentimita 80, hewa ya kawaida upande mmoja na utupu upande wa pili, unasukumwa kwa nguvu ya kama tani 5. Nguvu hiyo lazima iukandamize kwenye mpira wake. Moduli ikitoboka, wa koridoni unajibana wenyewe. Korido ikitoboka, wa ndani ndio unaowalinda wale wanne. Ukiweka mmoja, umelinda upande mmoja tu. Tuma mchoro wa kiungo kimoja, tupange soketi zikae wapi.