Mama hataki kuhama kando ya mto Tana, tuweke nini tayari kabla maji hayajafika?

Bin_Garsen
Wandugu habari zenu. Mimi nko Mombasa kikazi, nyumbani ni kijiji kimoja chini ya Garsen, mto uko karibu hata ukirusha jiwe linaingia majini. Mamangu ana miaka 67, anakaa na wajukuu wawili, mbuzi kumi na moja na kuku ambao hata yeye hajui idadi. Novemba 2023 maji yaliingia usiku wakatoka na godoro moja na redio, tena redio yenyewe mbovu, kitambulisho, kadi za kliniki na karatasi zote za shamba zikaenda. Aprili 2024 wakahama tena. Sasa kila nikimwambia tujipange mapema jibu ni moja tu, "mto huu nimezaliwa nao, ukija nitauona." Na ndio shida yenyewe manake ile ya 2023 kwetu jua lilikuwa linawaka siku hiyo, tone halikuanguka, wakalala vizuri kabisa wakaamshwa na maji.

Sitaki kumtoa kwa nguvu na pesa ya kujenga kwengine sina. Nyinyi mliopitia haya mnaweka nini tayari nyumbani na mnajuaje kwamba saa ya kutoka imefika? Nina elfu sita ya kuanzia.

HolaYetu
Pole sana ndugu. Mambo ya "nitauona" hata marehemu babangu alikuwa nayo. Nikuambie kitu kimoja, sisi wa huku chini tukiangalia mawingu ya Garsen ama Hola tunajidanganya, maji yetu yananyesha Mlima Kenya na Nyandarua huko, yanashukia mabwawa yale matano, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Masinga ndio ghala. Ikijaa inamwagika na hakuna wa kuizuia, hayo yaliyozidi yanakuja Garissa, Madogo, Bura, Hola, mpaka kwenu, halafu ndio baharini Kipini. Safari hiyo ni ya siku kadhaa, kwa hivyo hizo siku ndio mali yako, usizipoteze ukiangalia mbingu.

Mimi nafanya hivi. Masika na vuli nasikiliza habari ya Masinga kwa redio kila jioni. Wakisema imejaa, mbuzi wanaondoka kesho yake asubuhi, sisubiri mtu. Halafu nina shemeji yangu Madogo namtumia kredo ya ishirini ananipigia akiona mto umepanda kule, shamba za huko zikiingia maji basi watoto na wazee kwangu wanatoka, hiyo haina mjadala. Wanaume tunabaki na vitu mpaka mwisho ila mtumbwi uwe umefungwa mlangoni.

Na kuna jambo watu wengi hawalielewi mpaka liwapate. Kwetu kingo za mto ziko juu kidogo kuliko nyuma ya kijiji. Maji yakija hayapandi moja kwa moja mpaka nyumbani, yanapenya sehemu za chini za kingo huko juu mtoni, yanazunguka kwa nyuma, yanajaza mabonde na njia ya kutokea. Kwa hivyo mama atasimama mlangoni aone mto bado haujafika ukingoni aseme bado, kumbe huko nyuma ashakatwa, nyumba imekuwa kisiwa. 2018 ilitufanya hivyo, tulikaa siku mbili juu ya kichuguu na mamba wako pale. Mwambie asiangalie mto, aangalie ile njia ya nyuma. Siku atakapoona watu wanavuka wamekunja suruali, amechelewa.

Mkaa_Bara
Si wahame tu kabisa jamani, kila mwaka ni hadithi hii hii na kila mwaka wanapelekewa unga na mablanketi

HolaYetu
@Mkaa_Bara wahame waende wapi na shamba walibebe kichwani? Yale maji unayoyaona adui ndio yanaleta udongo tunaopanda mahindi, maembe na ndizi. Ukienda kilomita chache tu kutoka mtoni ni vichaka na ukame. Watu walikuwa wanahama na kurudi tangu zamani, kinachoua ni kuchelewa.

Nesi_wa_Mashinani
Mimi nafanya kazi kwenye zahanati upande huo huo wa delta, nitasema ya upande wangu. Mamako ana dawa za kila siku? Wengi wa umri huo wana presha ama sukari na hicho ndicho kitu cha kwanza kuisha. Barabara ikikatika pale Lango la Simba hakuna gari la Lamu wala la Malindi, na sisi zahanati dawa zinatuishia kama nyinyi. Akienda kliniki Oktoba na Machi aombe za mwezi mzima zaidi, aeleze anakaa wapi, watamuelewa.

Karatasi zote piga picha kwa simu yako wewe uliye Mombasa, zenyewe uzikunje ndani ya karatasi ya nailoni mara mbili uweke kwenye kile kindoo cha mafuta ya kupikia chenye kifuniko cha kubana. Kindoo kinaelea hata kikianguka. Humo humo kiberiti, tochi, chandarua kimoja, namba za simu zimeandikwa kwa kalamu maana simu ikizima hakuna anayekumbuka namba ya mtu.

Maji ndio yatakayowaumiza baada ya mafuriko kuliko mafuriko yenyewe. Vyoo vinafurika vinaingia visimani, 2024 tulipata kipindupindu Tana River hivyo hivyo. Nunua dawa ya maji ya duka, bei yake ni ndogo, au wachemshe, na mtungi wa kunywa uwe mbali na wa kufulia. Mtoto akiharisha maji maji kama ya mchele msisubiri asubuhi.

Halafu nyoka. Wao pia wanatafuta pakavu, wanaingia kwa paa la makuti na chini ya magodoro. Akiumwa na nyoka hakuna kukata wala kunyonya wala kufunga kamba ya kukaza, atulie, mguu usitikiswe, apelekwe hospitali kwa njia yoyote. Na mnyama akifa baada ya mvua kubwa, ama mbuzi wakianza kutupa mimba kwa wingi, msichinje wala kula, piga ripoti kwa daktari wa mifugo. Homa ya Bonde la Ufa ilitupiga 1997 na tena 2006 mpaka 2007, zote baada ya mvua kubwa, na wengi waliugua kwa kushika damu na nyama.

Kapenguria_Juu
Nawasoma nikiwa West Pokot nawaonea wivu kidogo ati nyinyi mna siku kadhaa za onyo. Huku ni mlima unashuka. Novemba 2019 Nyarkulian na Parua ilikuwa usiku, mvua haikukatika, watu zaidi ya 40 wakafunikwa na udongo wakiwa kitandani. Sisi tunafundishana kuangalia nyufa ardhini juu ya nyumba, miti iliyoanza kuinama, mlango ambao jana ulifunga vizuri leo unakwama, chemchemi kutoa maji ya matope ghafla. Ukiona hivyo na mvua bado inapiga unatoka hata kama ni saa nane usiku, hakuna kubeba kitu. Kwa hivyo mwambie mama ana bahati, ana muda wa kubeba hata jogoo.

bibi_wa_shamba
Suala la boti nalo lisisahaulike. Mtu akikuambia panda tu nafasi iko na unaona maji yanakaribia ukingo wa boti, kataa. Kona Punda karibu na Madogo Aprili 2024 boti ilipinduka watu wakafa. Na mbegu jamani!! watu wanaokoa televisheni wanaacha mbegu ya mahindi, maji yakirudi huna cha kupanda na ardhi ndio imeiva. Mie naweka kilo tano kwenye chupa za soda na majivu kidogo, vifuniko nimevikaza, nazipeleka kwa dadangu Minjila. Red Cross namba yao ni 1199 ni ya bure, ifundishe hao wajukuu waijue kwa kichwa.

Bin_Garsen
Asanteni sana wote, wallahi sikutarajia majibu haya. Nimempigia mama leo nikamsomea ile ya njia ya nyuma, akanyamaza halafu akasema "ni kweli, hata 2023 huko nyuma ndiko kulianza, mbwa walikuwa wanabweka upande ule." Kwa hivyo alikuwa anajua siku zote!! Tumekubaliana mbuzi waende kwa mjomba bara siku Masinga ikitangazwa imejaa, yeye na watoto watoke mjomba wa Bura akipiga simu. Kindoo, dawa ya maji, tochi ya sola na turubai imekula elfu nne na mia tatu, iliyobaki nimemwachia kwa M-Pesa asiiguse, ingawa namjua ataigusa.

Amebaki na sharti moja, hatoki bila kuku. Kuku wanabebwaje kwenye mtumbwi?

bibi_wa_shamba
Wafunge miguu wawili wawili jioni wakiwa wamelala, uwatie kwenye tenga uwafunike na kanga wasione maji. Mchana hutawashika, mtamaliza siku nzima mkikimbizana na maji yanakuja.

HolaYetu
Na jogoo apande wa mwisho, akiwika mtumbwini wote wanaamka 😂