Theluji ya mbele ya nyumba: tupige faini, au jiji lisafishe lenyewe? (Mjadala, Chicago)

Mlezi wa Alfajiri, Rogers Park

Wapendwa, poleni na baridi. Naleta hoja, na naomba tuijadili bila kutukanana, maana ile ya michango ya misiba mwaka jana iliishia pabaya.

Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani. Natoka kwangu saa kumi na nusu alfajiri kuwahi basi. Juzi theluji ilianguka tangu jioni hadi usiku wa manane. Nilipotoka, barabara kuu ilikuwa imeshapitiwa na malori ya jiji na lami inaonekana nyeusi. Njia ya miguu sasa. Nyumba ya kwanza safi, ya pili safi, ya tatu imekwanguliwa upana wa beleshi moja tu, halafu kinakuja kile kiwanja kitupu ambacho hakijaguswa tangu Krismasi. Juu theluji mpya, chini barafu ya wiki mbili iliyokanyagwa ikawa mabonde na vilima. Nikashuka nikatembea barabarani pamoja na magari, gizani.

Mchana ikawa balaa zaidi. Mzee ninayemtunza anatumia kiti cha magurudumu, na kliniki yake ni mwendo wa dakika kumi. Kwenye kona ya benki moja, greda lililosafisha maegesho lilikuwa limerundika theluji yote juu ya ule mteremko wa kuvukia. Maegesho yanang'aa kama sahani. Nilimrudisha mzee nyumbani, miadi ikapotea.

Sheria ipo. Jiji linamtaka mwenye jengo au kiwanja, au mpangaji, au yeyote anayekisimamia, aondoe theluji na barafu mbele yake na kuacha njia ya upana wa futi 5. Faini ni dola 50 hadi 500 kwa siku. Unapiga 311, ile namba ya huduma za jiji, malalamiko yanaandikwa, unapewa namba, mwisho wa habari. Majira 11 ya baridi nimekaa hapa, sijakutana na mtu hata mmoja aliyelipa.

Swali langu: jiji lianze kung'ata? Au tuseme njia ya miguu ni barabara kama barabara nyingine, na jiji liisafishe lenyewe?

Mzee wa Bungalow, upande wa kusini

Marahaba kwa wote ambao wangenisalimia, maana naona siku hizi mnaingia tu.

Nina miaka 71. Kodi ya majengo nalipa mara mbili kwa mwaka na kila mara inapanda. Theluji kaishusha Mungu. Njia ni ya jiji. Nikitaka kubandua zege kidogo pale mbele lazima niombe kibali. Lakini ikifika zamu ya beleshi, ghafla njia inakuwa yangu. Hili mimi nimelikataa moyoni tangu ninunue nyumba, ingawa nimesafisha kila mwaka.

Na si mara moja. Nasafisha saa moja asubuhi, saa tatu lori la jiji linapita kwa kasi na kunirudishia theluji ile ile, safari hii ikiwa nzito na chafu, imechanganyika na chumvi. Nani anampiga faini yule dereva? Daktari wa moyo ameshaniambia nisishike beleshi kabisa. Kila majira wanatangaza kuhusu watu wanaodondoka na moyo wakipambana na theluji. Kijana anayenifanyia anataka dola 40 kila ikianguka.

Mkianza kung'ata, mtaning'ata mimi, kwa sababu mimi napatikana. Yule mwenye kiwanja kitupu ni kampuni iliyopo kwenye karatasi tu. Barua ya faini mtaipeleka wapi?

Mtoto wa Kariakoo

Shikamoo mzee. Dola 40? Nipe anwani.

Karani wa Sheria

Nafanya kazi ofisi ya wakili, mimi si wakili, kwa hiyo mlichukue hili kama mazungumzo ya kahawa.

Kwanza, someni maneno ya sheria yenyewe. Inamtaja mwenye mali, na inamtaja pia mpangaji na mkaaji. Baadhi ya wenye nyumba wanachomeka kifungu kwenye mkataba kwamba theluji ni kazi ya mpangaji wa chini, na wapangaji wetu wanasaini bila kusoma. Kwa hiyo mnaposema "tumbane mwenye nyumba", mjue faini inaweza kumwangukia mama mwenye watoto watatu anayekodi ghorofa ya chini.

Pili, sheria hiyo ina harufu ya zamani. Inasema barafu ikiwa ngumu kiasi kwamba ukiing'oa utaharibu njia, basi mwaga majivu, mchanga au unga wa mbao, hali ya hewa ikiruhusu usafishe vizuri. Majivu! Iliandikwa kwa ajili ya nyumba zenye jiko la makaa na watu wanaoshinda nyumbani.

Tatu, kuna uzushi unaosambaa kwenye magrupu yetu: "Usisafishe, maana ukisafisha na mtu akaanguka atakushtaki kwa kusafisha vibaya." Kwa nyumba za kuishi hapa Illinois ni kinyume chake. Kuna sheria ya jimbo ya mwaka 1979 iliyotungwa makusudi kuwatia watu moyo wa kusafisha: ukijitahidi na bado mtu akateleza, huwajibiki, isipokuwa kama ulifanya makusudi au kwa kutojali kupita kiasi. Kila jimbo lina yake, lakini. Massachusetts, mahakama ya juu ya jimbo iliamua mwaka 2010 kwamba mwenye mali hawezi tena kujificha nyuma ya hoja kwamba theluji imeanguka yenyewe. Aliye Boston asinukuu maneno yangu.

Kijana wa Lubumbashi

Ndugu zangu, mimi nikisikia "kila mtu asafishe mbele ya nyumba yake, la sivyo faini", nasikia salongo. Wazazi wetu walifanya salongo enzi za Mobutu: Jumamosi unatoka na jembe, utake usitake, na mkubwa wa mtaa anapita na daftari. Mifereji ilikuwa misafi, ndiyo. Lakini nyumba ya mkubwa ilisafishwa na nani? Na sisi.

Faini hufuata mnyonge. Hilo sikulisoma popote, nimelikulia.

Mama Kigali

Kaka, salongo si mfano pekee. Kwetu Rwanda umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, unaendelea mpaka leo, na watu wengi wanajivunia. Tofauti ni kwamba mnafanya pamoja. Mzee wa miaka 71 hapewi kipande chake peke yake akaambiwa akimalize kabla ya saa iliyowekwa na sheria. Hapa Amerika wamechukua wajibu wa jirani wakauacha ujirani.

Halafu kuna watu wa kujitolea. Jiji lina mpango wa kuwaunganisha wazee na vijana wanaokuja kusafisha bure, unaombwa kupitia 311. Mzee, umejaribu?

Mzee wa Bungalow, upande wa kusini

Nilijaribu. Mara moja walikuja, watoto wazuri, wakanywa na chai. Mara mbili theluji iliyeyuka yenyewe kabla yao.

Mkwanguaji

Naona mnabishana juu ya nyumba ndogo. Niwaambie kazi inavyokwenda kwenye majengo makubwa, maana miaka sita nimekaa juu ya greda dogo la kampuni za theluji.

Mwenye jengo la biashara hasafishi, anaweka mkataba. Mkataba una kipimo: mara nyingi theluji ikifika inchi 2 ndipo tunatoka. Ikianguka inchi moja na nusu, hatuji, na hiyo inchi moja na nusu ikikanyagwa siku nzima inakuwa kioo. Pili, mkataba unaanza na maegesho, kwa sababu wateja wanakuja na gari. Njia ya miguu ni mstari wa mwisho, na wengine wanauondoa kabisa wapunguze bei. Tatu, theluji ya maegesho lazima iende mahali. Kuibeba kwa lori ni pesa nyingi, kwa hiyo tunaisukuma pembeni. Pembeni ni wapi? Ni pale pale kwenye kona yako, dada, penye mteremko wa kuvukia.

Nilishawahi kumwambia msimamizi kwamba tumeziba kivuko. Akaniuliza kama nimelipwa kufikiri au kuendesha. Kwa hiyo mimi nasema faini, tena ile ya 500, na iende kwa mwenye jina kwenye hati ya jengo, asimtupie mkandarasi. Siku benki ikilipa mara tatu, ule mstari wa mwisho kwenye mkataba utapanda juu wenyewe.

Dada wa Montréal

Nawasoma nikishangaa kidogo. Huku njia za miguu zinasafishwa na manispaa. Kuna vigari vidogo vya minyororo vinapita usiku, vina kelele ya kufa mtu, halafu theluji inapulizwa kwenye malori na kupelekwa mbali. Hakuna anayeniuliza beleshi langu liko wapi. Gharama ya theluji yote kwa jiji inakaribia dola milioni 200 za Kanada kwa mwaka, na kila meya anaitolea jasho.

Lakini msidhani ni peponi. Mvua inayoganda ikishuka juu ya njia iliyokwanguliwa vizuri, njia inateleza kuliko ile yenye mabonde. Mama yangu mdogo alivunjika kifundo cha mkono kwenye njia "safi". Nikipiga simu, ninayemlaumu ni mmoja, namba ni moja. Hilo ndilo ninalolipenda, kuliko usafi wenyewe.

Baba Wawili, Göteborg

Kwa Waswidi hoja ilikuwa nyingine: nani aanze. Mji mdogo wa Karlskoga uligundua kuwa unasafisha kwanza barabara za magari, halafu njia za miguu na baiskeli, na kwamba wanaotembea na kupanda basi wengi wao ni wanawake. Wakageuza mpangilio. Sababu ni nyepesi: gari linapita kwenye theluji ya sentimita chache, kigari cha mtoto hakipiti. Stockholm ikaiga. Novemba 2016 ikaanguka theluji nzito, jiji likakwama, na watu wakaucheka mpango huo wiki nzima. Mimi niliyesukuma mapacha nilicheka kidogo tu.

Mzee wa Bungalow, upande wa kusini

Mmenikumbusha mbali. Mnaosema jiji lisafishe, mjue mji huu ulishamwangusha meya kwa theluji. Januari 1979 nilikuwa mwanafunzi, nina koti moja la mtumba. Theluji ilikuja juu ya theluji, mitaa ikazikwa, magari ya jiji hayaonekani. Treni zikaanza kuruka vituo, na vituo vilivyorukwa vilikuwa vya mitaa ya watu weusi. Tulisimama jukwaani tukaona treni inapita hivi hivi, watu ndani wanatutazama. Februari, meya Michael Bilandic akashindwa na Jane Byrne kwenye kura za mchujo za chama chao. Tangu hapo kila meya anaogopa barabara zisizosafishwa.

Lakini anaogopa barabara. Hakuna aliyewahi kuangushwa na njia ya miguu. Ndiyo maana siamini kwamba jiji likiichukua kazi hii litaanzia kwenu Rogers Park au kwangu. Litaanzia katikati ya mji, kwenye maduka na watalii.

Karani wa Sheria

Mzee, hapo umegusa penyewe. Niongeze kwamba Julai 2023 baraza la jiji lilipitisha kuandaliwa kwa mpango wa majaribio wa jiji kusafisha njia za miguu katika maeneo machache, baada ya watu wenye ulemavu kusukuma kwa muda mrefu. Vita vyenyewe vilikuwa ni maeneo gani.

Mlezi wa Alfajiri, Rogers Park

Nimesoma yote, asanteni. Nilikuja hapa nikiwa upande wa faini. Sasa niseme kilichonibadilisha, na si hoja ya mtu, ni saa.

Nimerudi kwenye sheria kuangalia muda. Theluji iliyoanguka kati ya saa moja asubuhi na saa moja jioni isafishwe kabla ya saa nne usiku. Iliyoanguka usiku isafishwe ifikapo saa nne asubuhi. Saa nne asubuhi! Mimi natoka saa kumi na nusu alfajiri. Wanaosafisha maofisi wanarudi saa hizo hizo, wapishi wa hospitali wanakwenda. Kituo changu cha basi saa kumi na moja kimejaa watu wetu, Wakongo, Wahabeshi, Wamexico. Mtaa mzima ukitii sheria bila kosa hata moja, sisi bado tunatembea barabarani na magari. Siwezi kumdai mzee wangu aamke saa tisa usiku akaue moyo wake kwa ajili ya basi langu, na hakuna faini itakayoweza kumwamsha.

Ila malori ya jiji saa hizo yako kazini. Yanaanza na barabara kuu, na barabara kuu ndizo zenye mabasi. Kwa hiyo pendekezo langu sasa ni hili: njia za miguu za barabara zenye mabasi, pamoja na vituo na kona za kuvukia, zisafishwe na jiji usiku ule ule. Mitaa ya ndani ibaki kwa wenye nyumba na saa nne yao. Faini iende kwa viwanja vitupu na kwa wanaorundika theluji ya maegesho kwenye vivuko, kama alivyosema Mkwanguaji. Mzee, kampuni ya karatasi nayo hulipa kodi ya kiwanja. Deni liandikwe kwenye kiwanja chenyewe.

Kijana wa Lubumbashi

Na pesa ya kusafisha usiku itatoka wapi? Itapandishwa kodi ya majengo, mwenye nyumba wangu atapandisha pango. Nitalipa mimi tena.

Mlezi wa Alfajiri, Rogers Park

Inawezekana, kaka. Hapo sina jibu zuri. Unalipa hata sasa, kwa magoti.

Diwani wetu ana kikao cha wakazi wiki ijayo. Nataka kwenda na picha, kila moja na saa yake. Mwenye nazo anitumie.

Mzee wa Bungalow, upande wa kusini

Ninazo. Ila zangu ni za lori la jiji likinirudishia theluji. Ukikubali kuzionyesha na hizo, nitakuja mwenyewe.