Kipindi namba 0: ni halali kuuza kipande cha anime ya kutisha kwenye diski peke yake?

MLETA MADA

Wakuu, nina kinyongo cha siku nyingi, leo nakitua hapa.

Nikiwa mwaka wa kwanza chuoni nilikwenda na flashi yangu kwa kijana anayeingiza muvi, nikamwomba aniwekee Another. Wanaoijua wanaijua: anime (katuni ya Kijapani) ya kutisha ya studio ya P.A. Works, mwongozaji Tsutomu Mizushima, imetoka kwenye riwaya ya Yukito Ayatsuji. Ilionyeshwa Japani Januari hadi Machi 2012, vipindi 12, kwisha. Kwa ambao hawajaiona: kuna darasa la 3-3 lenye mkosi. Mwaka 1972 alifariki mwanafunzi mmoja aliyependwa sana, Misaki. Wenzake wakagoma kukubali, wakaendelea kujifanya yupo, mwalimu naye akawaunga mkono. Ilipopigwa picha ya mahafali, Misaki alionekana amesimama nao. Tangu hapo kuna miaka darasa linapungukiwa dawati moja, maana kati yao ameketi mtu aliyekwisha kufa, hajulikani ni nani, na mwenyewe pia hajijui. Mwaka ukiwa wa namna hiyo, kila mwezi anaondoka mwanafunzi au ndugu yake wa karibu.

Flashi ilipanga mafaili kwa namba. La juu kabisa limeandikwa 00. Nikaanza nalo, wewe usingeanza? Kumbe ndiyo nimeharibu. Kile kipindi kinamwonyesha Mei, yule binti anayefunika jicho moja, akiwa na msichana mwingine ambaye sitasema ni nani kwake, mpaka yanayompata huyo msichana. Sasa nenda kipindi cha 1: Mei yuko kwenye lifti ya hospitali, mkononi ana mwanasesere, anashuka hadi chini kabisa. Kila aliyeangalia alikaza roho akijiuliza anamfuata nani huko chini. Mimi najua. Nimekaa pale kama mtu aliyefika msibani kabla mgonjwa hajakata roho.

Baadaye ndipo nikaelewa kwamba 00 haikurushwa kwenye televisheni hata mara moja. Ilitoka tarehe 26 Mei 2012 pamoja na kitabu namba 0 cha manga yake (hadithi yake ya michoro), toleo maalumu la Kadokawa. Yaani ununue kitabu ndipo upewe kipindi.

Na si hao tu. Shiki ya mwaka 2010, ile ya kijiji cha Sotoba ambako maiti wanarudi kunyonya damu za majirani zao, ilionyeshwa vipindi 22, halafu viwili, 20.5 na 21.5, vikafichwa kwenye diski. Pupa ya 2014, vipindi vya dakika nne hivi kila kimoja, hewani ilizibwazibwa mpaka huoni nani anamla nani. Isiyozibwa ikaja kwenye diski.

Msimamo wangu: hadithi ni moja. Ukinikatia kipande ukaniuzia pembeni, wewe ni mvuvi unayeniuzia samaki aina ya changu halafu kichwa unakipigia bei yake. Mnasemaje?

MCHANGIAJI, Mwanza

Mkuu, wa kwanza kulaumiwa ni kijana wa flashi.

Wa pili ni wewe. Hiyo 0 ni namba ya kalenda ya hadithi, haimaanishi uanze nayo. Inasimulia siku za kabla Koichi, mhusika mkuu, hajahamia kutoka Tokyo, lakini ilitolewa miezi miwili baada ya kipindi cha 12. Waliokusudiwa ni watu waliokwisha kulia. Mtu aliyemaliza anarudi kumwona yule msichana akiwa hai, anacheka, anatembea na Mei, na huku unajua kilichomsubiri. Nilipoiangalia kwa mpangilio wake iliniuma kuliko kifo chochote cha televisheni. Kwa hiyo mimi nasema kinyume chako: afadhali haikurushwa. Ingewekwa mwanzoni ingewaharibia wote kama ilivyokuharibia wewe. Mwishoni nako ingepooza mwisho.

MLETA MADA

Hapo umenigusa kidogo. Ila kwa nini waiuze? Wangeirusha wiki ya 13.

MCHANGIAJI, Nairobi

Wacha niwaeleze biashara yenyewe, maana hapa watu wanaongea kana kwamba anime ni huduma ya serikali.

Anime ya usiku wa manane Japani haiishi kwa matangazo ya sabuni. Kinaundwa kitu wanakiita kamati ya uzalishaji: mchapishaji wa kitabu, kampuni ya diski, kampuni ya muziki, mara nyingine studio yenyewe. Wanachanga pesa, na mara nyingi ni wao hao wanaokilipa kituo ili wapewe muda wa hewani. Umeelewa? Televisheni hainunui kipindi, inakodishwa. Kile ulichokiona hewani ni tangazo la nusu saa la diski na vitabu. Halafu diski zenyewe zinauzwa bei ya kuumiza, moja yenye vipindi viwili inaweza kuwa yeni 6,000 mpaka 8,000. Kwa mfululizo wa vipindi 12 unanunua diski sita, piga hesabu. Hao wachache wenye wazimu wa kutoa pesa hiyo ndio waliolipia uoga wetu sote. Sasa mtu ameshaona kila kitu bure, unamshawishi na nini? Unampa kitu ambacho hewani hakikuwepo.

Na angalia, kitabu cha manga ndicho kilichobeba ile 0. Kadokawa ni mchapishaji. Hapo hawakuwa wakiuza kipindi, walikuwa wakisukuma vitabu.

MLETA MADA

Wapewe kava zuri, michoro, mahojiano na waigizaji wa sauti. Wasipewe hadithi.

MCHANGIAJI, Nairobi

Mahojiano? Nani ameuza figo kwa sababu ya mahojiano?

MCHANGIAJI, Muscat

Assalaam alaykum. Mimi mama wa watoto wawili, anime nimeanza kwa kuwachunga wao nikaishia kunogewa mwenyewe. Naona mmechanganya mambo mawili ambayo hayafanani, kipindi cha ziada na picha iliyozibwa.

Kuziba kuna historia yake. Mwaka 2007 kipindi cha mwisho cha School Days, anime nyingine yenye mauaji, kilipangwa kurushwa, siku hiyo hiyo habari zikaenea kwamba binti mmoja huko Kyoto amemuua babake kwa shoka. Kituo kikaondoa kipindi, badala yake watu wakaonyeshwa mandhari na muziki wa taratibu. Higurashi nayo baadhi ya vituo vikaisimamisha, kwa sababu ya yale mapanga yake. Tangu hapo huwezi kuwalaumu watu wa vituo wakiogopa. Tokyo Ghoul 2014 si mnaikumbuka, rangi zinageuzwa, damu inakuwa kama wino, sehemu nyingine giza tupu. Hiyo haikuwa ujanja wa kuuza diski peke yake. Kuna mtoto ameamka usiku kwenda kunywa maji akakuta televisheni imewashwa.

Ila nitasema la kuwakera: Pupa isiyozibwa ni mbovu vilevile. Nilidhani ule weusi unanificha kitu. Ulipoondolewa nikakuta hakuna hadithi, dakika nne za nyama. Ile Another haikunitisha kwa damu. Kipindi cha 3, yule msichana anakimbia ngazini na mwavuli, ngazi zimelowa, unaona yote kabla hayajatokea na huna la kufanya. Hiyo hata ukiiziba, umeshakufa moyo.

MCHANGIAJI, Mombasa

Sasa niwaulize jambo, msinichukie. Mleta mada, hiyo Another ulilipa pesa ngapi?

MLETA MADA

Shilingi mia tano.

MCHANGIAJI, Mombasa

Ulimlipa nani?

MLETA MADA

Kijana wa flashi.

MCHANGIAJI, Mombasa

Basi umedhulumiwa na nani, ndugu yangu? Mtu umeingia harusini bila kadi, umekula pilau, ukatoka nje ukilalamika hukupewa halua. Ayatsuji hajaona hata senti yako. Wale wa Japani walioona vipindi 12 hewani kihalali, wao wana haki ya kununa. Sisi tunyamaze.

MLETA MADA

Nilijua hili litakuja, na silikimbii. Lakini nikuulize na mimi: ningelipia wapi? Tuseme nina hela mkononi. Diski hufungwa zisomeke kwenye mashine za ukanda wake tu: DVD ya Japani ni ya ukanda namba 2, Afrika Mashariki tumewekwa namba 5. Blu-ray ya Japani ni A, sisi ni B. Another ikachukuliwa Marekani na Sentai Filmworks, wakaitoa nzima, ile 0 ikiwemo, na Kiingereza juu. Wamarekani wakapata kila kitu kwenye kasha moja. Nayo ni ukanda 1 kwa DVD na A kwa Blu-ray. Kwa hiyo sheria ya mashine yenyewe imeandikwa kwamba mimi wa Tanga nisiiangalie hata nikilipa. Hapo ndipo kinyongo changu kinakaa hasa, sasa naona vizuri. Kuuza pembeni nimeanza kuwaelewa. Kuuza pembeni halafu ukafunga mlango kwa kufuli la bara zima, hilo hapana.

MCHANGIAJI, Mwanza

Deki za kichina zinasoma ukanda wowote, acha kisingizio. Pale kwa fundi wanafungua kwa rimoti tu.

MLETA MADA

DVD sawa. Blu-ray je? Na duka liko wapi?

MCHANGIAJI, Kigoma

Nimesoma yote. Mimi sina shida na wauzaji wala wezi, nina shida na Shiki. Mmeipita haraka sana.

Vile vipindi viwili vya diski vimetokea katikati ya uwindaji, wakati wanakijiji wameshachukua vigingi vya mbao mikononi kuwawinda wanyonya damu. Vinakaa na watu wa pembeni, si Daktari Ozaki wa kijijini, si yule kasisi mwandishi. Na nadhani ndivyo vizito kuliko vyote, kwa sababu Shiki tangu mwanzo inauliza swali moja: nani jini hapa? Majitu yanayonyonya damu yanalia yakiomba yasiuawe, na majirani waliokuwa wakisalimiana asubuhi wanapigilia mbao vifuani kisha wanakaa chini kula tonge. Ukiviondoa hivyo viwili, aliyeona hewani ameona vita vya daktari na wanyonya damu. Aliyeona vyote ameona kijiji. Hizo ni hadithi mbili tofauti. Kwa hiyo wa Mwanza ana haki kuhusu Another, lakini mleta mada ana haki kuhusu Shiki, na msitafute kanuni moja ya kuzifunga zote.

Halafu jambo la kuchekesha, Fuyumi Ono aliyeandika riwaya ya Shiki na Ayatsuji aliyeandika Another ni mke na mume. Fikirieni mazungumzo ya chakula cha jioni nyumba ile.

MCHANGIAJI, Nairobi

Kwa hiyo ni nani yule aliyekufa zamani kwenye darasa la 3-3? Si alikuwa ni yule mwal

MCHANGIAJI, Mwanza

USITOBOE! Kuna watu hawajafika.

MCHANGIAJI, Muscat

Mleta mada, nimeangalia kasha moja la DVD hapa nyumbani. Oman tuko ukanda 2, sawa na Japani. Hiyo 0 pamoja na kitabu chake ningekutafutia ya mitumba Japani kwenye mtandao, nikaituma Tanga na mtu anayekuja likizo. Ila diski za kwao hazina maandishi ya Kiingereza, wala manga yenyewe. Ni Kijapani mwanzo mwisho. Utaelewa nini?

MLETA MADA

Dada, hiyo si ndiyo niliyoiangalia ya kwanza kabisa? Naijua kwa moyo. Niambie nauli ya huyo mtu wa likizo.