Wanataka kufunga shule tatu za kata yetu wajenge moja: tukubali au tukatae?

MwanaBondeni
Wakuu, salaam. Natokea kata moja ya bondeni, upande wa kuteremkia Mto Ruvuma ukitoka Newala, mkoa wa Mtwara. Jumamosi tuliitwa mkutano wa hadhara tukaelezwa kwamba halmashauri inataka kufunga shule tatu za msingi za vijiji vyetu na kujenga moja kubwa kule barabarani, jirani na ghala la AMCOS, chama chetu cha ushirika wa wakulima. Shule yetu ina watoto 94, ya pili 112, ya tatu 141. Jumla 347. Walimu wa shule zote tatu ni 9. Fedha zitatoka mapato ya ndani ya halmashauri, sisi wananchi tutoe mchanga, mawe na maji ya kufyatulia tofali, pamoja na makato kidogo kwenye kila kilo ya korosho msimu ujao.

Nimepima kwa pikipiki. Kutoka mlangoni kwa mama yangu hadi kwenye hilo eneo ni kilomita 6.8, na njiani kuna makorongo mawili yanayojaa kuanzia Januari. Mdogo wangu wa mwisho yuko darasa la pili. Kiongozi mmoja aliulizwa habari ya makorongo akasema watoto watazoea. Hilo neno sijalala nalo vizuri mpaka leo. Naombeni maoni, mkutano wa pili ni Jumatano.

Mwl Chaki
Mimi nafundisha shule kama yenu, wilaya nyingine ya mkoa huu huu, mwaka wa sita sasa. Tuko walimu 3. Darasa la tatu na la nne nawafundisha chumba kimoja: ubao mmoja mbele, mwingine nyuma, watoto wamepeana migongo. Nawaandikia la tatu zoezi la kuzidisha, nageuka kuwasomea la nne ufahamu. Mtoto wa la tatu akikwama ananyoosha kidole nyuma ya mgongo wangu, na simuoni mpaka nigeuke tena. Mwaka jana mwenzetu mmoja alikwenda likizo ya uzazi, tukabaki wawili kwa madarasa saba na awali.

Walimu 9 wakikaa pamoja, kila darasa linapata wake na anabaki mmoja wa kuziba pengo. Mtoto anaweza kutembea mita 200 tu kwenda shule na akamaliza la tatu hajui kusoma, kwa sababu hakuna aliyemsikiliza akisoma. Nawaombeni msilipite hili.

MpangaMiji
Naunga mkono kuunganisha. Serikali inaleta 10,000 kwa kila mwanafunzi wa msingi kwa mwaka. Watoto 94 ni laki tisa na arobaini. Hapo utanunua chaki, uchapishe mitihani, ukarabati vyoo? Shule ya namna hiyo haiwezi kusimama. Na tuambiane ukweli jamani, tatizo la Kusini si umbali. Mzazi anayemtoa binti shule wiki mbili ili achezwe unyago hana haki ya kulalamikia kilomita 6.

MamaSulfa
Ulikuwa unakwenda vizuri ukaja ukajiharibia mwishoni. Mimi nimechezwa. Binti zangu wawili wamechezwa, na mmoja leo ni muuguzi anawazalisha wake za watu. Walichezwa likizo ya Juni, shule zimefungwa, hakuna kipindi kilichopotea. Na hiyo 10,000 unayotutajia huijui. Shuleni inafika 6,000, ile 4,000 inabakia juu kwa ajili ya vitabu. Mimi ni mjumbe wa kamati ya shule, hizo karatasi tunasomewa. Watoto 94 mara 6,000 ni 564,000 kwa mwaka, yaani 47,000 kwa mwezi. Sahihisha kwanza hesabu yako, halafu ndiyo uje kwenye mila zetu.

MpangaMiji
Mama, kwenye 6,000 umenirekebisha, nashukuru. Lakini hiyo inazidi kuthibitisha hoja yangu. Na kwenye unyago hujanijibu. Nimefanya kazi mkoa wa Lindi miaka minne. Nimeingia darasani Januari nikakuta nusu ya madawati matupu kwa sababu ngoma za Desemba hazijaisha. Nimesikia kwa masikio yangu mzazi akisema alimwambia mtoto aandike majibu ya uongo mtihani wa darasa la saba ili asichaguliwe. Huo nao ni umbali?

BabuMahuta
Kijana wangu, ngoja nikueleze, maana mimi nilikuwa mwenyekiti wa kijiji kabla ya sekondari za kata. Hayo ya kumwambia mtoto afeli yalikuwepo, sikufichi. Sababu yake unaijua? Sekondari ilikuwa mbali. Mtoto akichaguliwa, mzazi ampangie chumba mjini, anunue godoro, ndoo, sare, alipe ada na michango yenye majina kumi, na mwaka huo korosho imeanguka bei. Baba anamtazama mtoto, anatazama mfuko. Zilipokuja hizo sekondari za kata, na ada ilipofutwa Januari 2016, watoto hao hao wa wazazi hao hao walikwenda. Unyago ulikuwepo kabla na upo hadi sasa. Kilichobadilika ni umbali na ada.

Mmwera wa Ruangwa
Babu shikamoo. Umesema kweli, ila na sisi tusijifiche nyuma ya kweli hiyo. Kwetu ngoma kubwa ni Desemba kwa sababu hela ya korosho ndiyo inakuwa imeingia, Juni nani ana hela ya kununulia mchele wa watu mia? Dada yangu alirudi shule wiki ya pili ya Februari. Alikuta wenzake wameshagawiwa vitabu, akaambiwa akae na mwenzake. Hakurudi tena baada ya Pasaka. Nalisema hili nikiwa Mmwera na ninapenda mila yangu.

MamaSulfa
Pole kwa dada yako mdogo wangu. Lakini aliyemnyima kitabu si kungwi. Kwetu sisi kungwi ndiye aliyemwambia binti yangu, mbele yangu, "sasa ukishika mimba shuleni umetutukanisha sote." Mpangaji anayeamini kwamba sisi hatutaki shule hatajenga shule, atajenga adhabu.

MpangaMiji
Sijasema hamtaki shule. Msinilishe maneno.

MamaSulfa
Umesema hatuna haki ya kulalamika. Maandishi yako yapo hapo juu.

MwanaBondeni
Jamani, wakubwa zangu, nawaheshimu nyote. Mimi nina Jumatano. Mtoto wa miaka saba, kilomita 6.8, makorongo mawili. Nawaomba turudi hapo.

Msafiri Ohio
Mzaliwa wa Masasi hapa, naishi Marekani mwaka wa kumi na moja. MpangaMiji angetupa mfano wa nchi zilizoendelea angekuwa sahihi nusu. Huku mamlaka za shule zilikuwa zaidi ya 117,000 mwaka 1940, leo ni kama 13,000. Waliunganisha kweli kweli. Lakini hawakumwambia mtoto azoee. Barabara ilitengenezwa ipitike mwaka mzima, basi la njano likawa linamfuata karibu na kwao, na sheria inalazimisha magari yasimame likishusha watoto. Gharama ya basi ilihesabiwa kuwa sehemu ya shule, kama chaki na dawati. Na bado viko vijiji vinavyolalamika mpaka leo. Njiani kwenda kazini napita kijiji ambacho jengo la shule limegeuzwa stoo ya matrekta.

Boda Nanyamba
Basi la njano lipite wapi kaka? Mwezi wa tatu mimi ndiye ninayeibeba pikipiki, yenyewe hainibebi. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopita, barabara kuu ya lami ya kwenda Dar ilikatika kule Kilwa, magari yakalala njiani. Hiyo ni lami ya taifa. Korongo la bondeni litajengewa daraja na nani? Mimi nimeshavusha watoto wa shule mgongoni, mmoja mmoja, viatu wamevaa shingoni wamefunga kamba. Mwaka huu katoto kamoja kaliniuliza, "kaka, na jioni utakuwepo?" Sikuwepo, nilipata abiria wa Mtwara mjini. Mpaka leo sijui kalivukaje.

Mmwera wa Ruangwa
Na huku kwetu na Nachingwea na Liwale ongeza tembo. Wakiingia mashambani asubuhi mzazi hamtoi mtoto nje, hata shule iwe ukutani.

Mhasibu Mstaafu
Habari za jioni. Nimesoma kuanzia juu. Naona mnabishana juu ya ruzuku, hiyo 6,000 ya kila mtoto, na ruzuku haibadiliki. Watoto 347 mara 6,000 ni 2,082,000 kwa mwaka, wakiwa shule tatu au moja. Kuunganisha hakuongezi hata senti hapo. Kinachopungua ni posho ya madaraka. Mwalimu mkuu wa msingi hupewa 200,000 kwa mwezi tangu 2016. Walimu wakuu watatu wakibaki mmoja, serikali inaokoa 400,000 kwa mwezi, 4,800,000 kwa mwaka. Hizo ni zaidi ya mara mbili ya ruzuku yote ya hao watoto. Ila hazibaki kwenye kata. Huyo mdogo wako wa kuvuka korongo ndiye anayelipia akiba ambayo haitaiona shule yake.

Jambo la pili, uliza ratiba. Kwa mtaala mpya, mwaka 2027 darasa la sita na la saba watamaliza pamoja, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza mikupuo miwili kwa mara moja. Kila halmashauri itakuwa inatafuta madarasa ya sekondari. Shule yenu ya msingi ikianza msingi sasa, fedha zikahamishwa kwenda huko, mtabaki na shule tatu zilizofungwa na moja isiyo na paa.

BabuMahuta
Mhasibu umegusa kidonda. Isiyo na paa tunayo tayari. Halafu wanataka tena makato ya korosho. Halmashauri inachukua ushuru wa asilimia 5 kwenye kila kilo yetu, hiyo inafanya nini?

Mhasibu Mstaafu
Ni asilimia 3 mzee wangu, ilishushwa kutoka 5 mwaka 2017. Kilo ikiuzwa 3,000 ni shilingi 90. Tani 1,000 ni milioni 90.

BabuMahuta
Iwe 3. Milioni 90 si darasa? Na ushuru wa kusafirisha nje korosho ghafi je? Asilimia 65 yake ilikuwa inarudi kwenye zao, ikaondolewa bungeni Juni 2018, wabunge wa Kusini walisimama wakapiga kelele zikaisha. Miezi mitano baadaye serikali ikasema inanunua yenyewe, wakaja wanajeshi kusomba korosho. Mkulima wa huku amechangia kila kitu. Sasa achangie na kufungiwa shule ya kijijini kwake?

MpangaMiji
Mzee, hayo ya 2018 hayajengi darasa la leo.

BabuMahuta
Yangejenga la 2018. Yule mtoto angekuwa amemaliza.

Mwl Chaki
Ndugu zangu, nimesubiri tangu asubuhi. Tumejadili unyago, tembo, Marekani na korosho. Hakuna hata mmoja aliyeniambia nifanyeje na ubao wa mbele na wa nyuma. Kesho saa moja na nusu nitakuwa katikati yake tena.

MamaSulfa
Mwalimu pole, tunakuheshimu. Ila hili la paa naomba nilimalize kwanza, maana ndilo lililonileta. Kijiji chetu tulikatwa kwenye korosho misimu miwili, tukachota maji, wanawake wenye watoto mgongoni, kisima kiko mbali, na sisi watu wa uwanda wa juu wa Makonde mnajua maji yetu ni ya shida. Boma la madarasa mawili, kuta tupu bila paa, likafika lenta. Tukaambiwa wananchi wakifika hapo halmashauri inapaua. Ni mwaka wa nne. Mchwa wamepanda kwenye fremu za milango. Juzi nimekuta mbuzi wa jirani wamelala ndani, ubao wa simenti ulishapigwa ukutani, mtu kaandika kwa mkaa "darasa la V". Sitoi hata shilingi ya kilo moja mpaka nisomewe hesabu ya zile za kwanza.

Boda Nanyamba
Kwetu ni hivyo hivyo, tofauti ni kwamba letu ni nyumba ya mwalimu.

Mmwera wa Ruangwa
Nanjirinji kule Kilwa walivuna mbao za msitu wao wa kijiji, kijiji kikashika hela chenyewe, wakajenga madarasa. Hela ikishikwa karibu watu wanaiona.

MwanaBondeni
Nimewasoma wote, na nimelala nalo. Mwl Chaki, hujajibiwa na ni kosa letu, mimi wa kwanza. Nilikuja hapa nikitaka mniambie nikatae. Ila mama yangu nilipomsomea maneno yako alinyamaza, kisha akasema huyo wetu wa darasa la pili hajui kusoma jina lake la ukoo. Nikampa daftari ajaribu. Kweli, hajui.

Kwa hiyo Jumatano nitasema hivi. Awali hadi darasa la tatu wabaki vijijini, majengo yetu yawe shikizi, yaani matawi madogo chini ya hiyo shule mpya, na kila kijiji kiachiwe walimu wawili wasioguswa. Hao ni 6. Kuanzia la nne wahamie kule, ila makorongo yawekwe madaraja kabla ya kengele ya kwanza. Watatu wanaobaki hawatoshi kwa madarasa ya juu, hilo nalijua, kwa hiyo halmashauri ilete wengine kwanza ndipo ifunge. Isipoleta, hatuhami.

MpangaMiji
Hilo naliunga mkono. Na Mama Sulfa, lile la haki ya kulalamika nalifuta.

MamaSulfa
Nimelipokea. MwanaBondeni, waulize na ya paa.

MwanaBondeni
Kijiji chetu hatuna boma mama.

MamaSulfa
Mtakuwa nalo. Waulize kabla.