Kiwanja cha mteremko Kinyerezi: kila mvua ikinyesha uzio wa kitambaa unalala na tope linaingia mtaroni

Msawazo

Wakuu habari, naomba msaada wa kitaalamu. Eneo ni ekari moja na nusu, Kinyerezi, Dar es Salaam, linakatwa viwanja nane na barabara ya ndani. Upana mita 67 hivi, kutoka juu hadi chini mita 90, mteremko wastani asilimia 12. Greda limeshakwangua lote, nyasi hamna hata moja. Juu ni mchanga mwekundu, ukichimba nusu mita unakutana na mfinyanzi. Maji ya barabara ya mtaa wa juu nayo yanapita humu humu.

Chini tumefunga kitambaa cha jiotekstaili, mstari mmoja wa mita 67, nguzo kila mita 3. Mvua ya saa moja tu kinalala chali, na tope linafika kwenye mtaro unaoshuka kwenye korongo. Je, tununue kitambaa kizito zaidi? Au tuchimbe bwawa la kutega tope, na kama ni bwawa, ukubwa gani? Zimebaki wiki tano vuli zianze.

---

Kontua

Mkuu, kitambaa hakina kosa lolote. Kosa ni kukipa eneo kisiloliweza. Kipimo kinachotumika sana ni hekta 0.1 kwa kila mita 30 za uzio, yaani mita zako 67 zinabeba hekta 0.22 tu, na wewe una 0.6, bado hujahesabu maji ya barabara yanayotoka juu. Tena kwenye mteremko wa asilimia 12 ardhi iliyo juu ya uzio isizidi mita 7 au 8 kwa urefu. Wewe una 90. Hata ukiweka turubai la lori litalala.

Anza na maji ya barabara ya juu, kwa sababu hayo si yako na huna haja ya kuyachafua. Chimba kingamaji kwenye mpaka wa juu: tuta la sentimita 45 likiwa limeshindiliwa, mtaro upande wa juu wa tuta, mserereko asilimia 1. Kwa upana wako wa mita 67 maana yake kutoka pembe moja hadi nyingine unashuka sentimita 67 tu. Usikadirie kwa macho. Mpira wa maji wa mafundi wa kupimia usawa unatosha kabisa, pigilia vigingi kila mita 5. Mserereko ukizidi asilimia 2 kwenye mchanga huo, mtaro wenyewe unageuka korongo kabla vuli hazijaisha. Ukiwa bapa mno maji yanasimama, yanavuka tuta mahali palipo chini kidogo, na hapo ndipo lote linakatika.

Maji hayo yashushe pembeni kwenye mfereji uliotandikwa mawe ya sentimita 15 hadi 20. Chini ya mawe weka kitambaa. Watu wengi wanaruka hatua hii, kisha maji yanafyonza udongo kupitia katikati ya mawe na baada ya mvua tatu mawe yanakuwa yamezama kwenye shimo. Mwisho wa mfereji tandika jamvi la mawe la mita 3, linalopanuka kadiri linavyoenda, ili maji yapoteze kasi kabla ya kugusa ardhi tupu. Na ujiridhishe kwamba pale yanapotokea kuna njia halali ya maji, siyo uani kwa mtu.

Ndani ya eneo weka makingamaji mengine mawili, kila mita 30 za mteremko, yaelekee upande mmoja. Maji ya mita 90 ndiyo yanayochimba. Yakikatwa vipande vitatu yanakosa nguvu.

---

Bi Ukoka

Nyongeza kwa aliyotangulia kusema Kontua, na hii kwangu ndiyo ya kwanza kuliko uzio na bwawa: funika udongo. Tone la mvua ndilo linalovunja udongo, maji yanayotiririka yanabeba tu kilichokwisha kuvunjwa.

Viwanja ambavyo hamtagusa ndani ya wiki mbili tandaza mabua ya mpunga au nyasi kavu, tani 4.5 kwa hekta, sawa na kilo moja kwa kila mita mbili za mraba na ushee. Kama viwanja vitano kati ya nane vinasubiri, tuseme hekta 0.35, unahitaji kama tani 1.6. Kipimo cha macho: simama wima utazame chini, udongo unaoonekana usizidi robo. Mengi kupita kiasi nayo ni hasara, mbegu chini hazioti. Nyasi zisiwe na mbegu za magugu zilizokomaa, na zifungeni kwa kamba za mkonge zilizokazwa kwenye vigingi, la sivyo upepo wa mchana mmoja unazihamishia kwa jirani.

Kwenye kingo za kujaza kifusi pandeni vetiva, zile nyasi ndefu za kushika udongo, mvua zinapoanza, siyo kabla. Shina lenye vichipukizi viwili au vitatu, majani yakatwe yabaki sentimita 20, mizizi 10. Shina hadi shina sentimita 10 hadi 15, mstari hadi mstari mita 1 ya kimo, yaani ya kushuka wima, siyo ya kupima juu ya ardhi. Mstari ufuate kontua sawasawa, yaani ubaki kwenye usawa ule ule wa ardhi. Ukienda mshazari unakusanya maji na kuyamimina mahali pamoja. Nafasi moja iliyokufa katikati inatosha kuharibu mstari mzima, kwa hiyo baada ya wiki tatu pitieni mjazie mapengo. Na vetiva haipendi kivuli, chini ya mwembe msijisumbue.

Ukoka ni mzuri kwa sehemu bapa na kingo za mitaro, lakini kwenye ukingo mkali peke yake hautoshi, mizizi yake iko juu juu.

---

Fundi Mitaro

Niongelee uzio, maana hata ukipunguziwa maji bado unaweza kulala kama umefungwa vibaya. Swali moja kwa Msawazo: kitambaa mmekifukia au mmekipigilia misumari tu kwenye nguzo?

---

Msawazo

Kimepigiliwa kwenye nguzo, chini kimewekewa mawe. Nguzo ziko upande wa juu.

---

Fundi Mitaro

Basi hapo ndipo tope lilipopita, kabla hata uzio haujalala. Chimba mfereji sentimita 15 kwa 15 kwenye mstari wote. Kitambaa kishuke ndani ya mfereji, kikunje sakafuni, kisha rudisha udongo na ushindilie pande zote mbili. Ukivuta kwa mkono kisitoke. Mawe juu ya kitambaa hayazuii kitu, maji yanatafuta upenyo chini yake na upenyo ukishapatikana unapanuka dakika hiyo hiyo.

Nguzo zikae upande wa chini, kitambaa upande wa juu, ili tope likisukuma kitambaa kiegemee nguzo. Ninyi mmefanya kinyume, mzigo wote umebebwa na misumari. Nafasi mita 2, nguzo iingie ardhini angalau sentimita 45, kitambaa kibaki juu sentimita 60 hivi. Kwenye kiungo usipishanishe vipande na kuvipigilia. Funga kila mwisho kwenye nguzo yake, zungusha nguzo mbili pamoja zijisokote, kisha zipigilie kama moja.

Uzio ukae mita 2 mbali na kitako cha mteremko ili tope lipate mahali pa kulala, na ncha zote mbili zipandishwe juu kama herufi J. Bila hivyo maji yanatembea kando ya uzio na kutokea pembeni, kisha unashangaa uzio uko safi na mtaro umejaa. Tope likifika theluthi ya kimo, zoa. Na kamwe usiuweke kukatisha mtaro au korongo lenye maji ya pamoja. Hapo panataka mawe.

Atakayekushauri viroba vya sandarusi vilivyochanwa, mkatalie. Jua letu linavila kwa miezi michache na mishono ndiyo inayofumuka kwanza.

---

Kontua

Kwa mtaro wa barabara ya ndani tumia vizuizi vya mawe, kimo kisizidi sentimita 60, katikati pawe chini kuliko pembeni kwa sentimita 15, na ncha ziingie kwenye kingo nusu mita. Kizuizi kilicho bapa kinayasukuma maji pembeni, yanakula ukingo na kuzunguka. Nafasi unaipata kwa kugawa kimo kwa mteremko: kizuizi cha nusu mita kwenye mtaro wa asilimia 4 ni mita 12.5. Mtaro unaoshuka moja kwa moja kwenye asilimia 12 ungehitaji kizuizi kila mita 4, hapo achana navyo, tandika mawe mfereji mzima.

---

Chembe

Kuhusu bwawa. Kipimo cha kawaida ni mita za ujazo 250 kwa hekta, kwako ni 150. Kona ya chini kabisa, shimo lenye kimo mita 1.5, juu mita 17 kwa 10, chini mita 11 kwa 4, kuta zikilala mbili kwa moja, yaani mita 2 za kwenda pembeni kwa kila mita 1 ya kushuka. Hilo linakupa 150 na kidogo. Urefu uwe angalau mara moja na nusu ya upana, maji yaingie ncha moja na kutokea ncha nyingine. Maji yakiingia karibu na mlango wa kutokea, bwawa lote lililobaki ni pambo. Mlango ni mawe, upana mita 1.5, na kingo za bwawa zizidi mlango kwa sentimita 30. Simika mti wenye alama ya rangi kwenye nusu ya kimo kilichotengwa kwa tope, likifika hapo eskaveta iitwe. Zungushia uzio imara, maana watoto wa mtaani huyaona maji kama mchezo. Na likikaa na maji kwa zaidi ya siku chache unafuga mbu.

Sasa la muhimu. Bwawa hilo litakamata mchanga, mfinyanzi halitakamata. Chembe ya mchanga ya milimita 0.1 inazama mita moja kwa kama dakika 2. Chembe ya 0.02 inachukua dakika 45. Ya mfinyanzi, 0.002, inachukua kama siku 3 maji yakiwa yametulia kabisa. Mvua ya milimita 60 kwa saa kwenye eneo lako, ukitoa sehemu inayonywewa na ardhi, inatiririsha kama lita 60 kwa sekunde. Kukamata chembe za 0.02 unahitaji uso wa maji wa mita za mraba 200. Kukamata za 0.002 unahitaji mara mia zaidi, hekta mbili. Eneo lenyewe lina 0.6.

Jipimie mwenyewe: chukua chupa ya maji ya lita moja, udongo theluthi, maji hadi juu, tikisa dakika mbili, weka mezani. Kinacholala ndani ya dakika chache ndicho bwawa lako litakachoshika. Kesho yake asubuhi tazama kama maji bado ni rangi ya chai ya maziwa. Kama bado, hayo ndiyo yatakayofika mto Msimbazi na kwenda kulala bonde la Jangwani. Kwa hiyo huo mfinyanzi usiufunue bila sababu. Sehemu ambazo greda halijafika nusu mita, liishie hapo hapo.

---

Msawazo

Nimeelewa, nashukuru sana wakuu. Shabu je? Kuna mtu ametuambia tumwage shabu bwawani maji yatakate.

---

Chembe

Shabu inagandisha mfinyanzi, ni kweli, ndiyo inayotumika kusafishia maji ya kunywa. Lakini inaongeza tindikali kwenye maji, na ukimwaga kwa kukisia unapeleka tatizo jingine mtoni. Inahitaji kipimo cha dozi kwenye ndoo kwanza, kipimo cha pH na bwawa lililofungwa mlango. Kwa eneo dogo hivi mabua ya Bi Ukoka yanakupa matokeo makubwa zaidi kwa usumbufu mdogo.

Kitu kingine hujauliza: eneo liko umbali gani na korongo? Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka mtoni. Pimeni kabla hamjachimba bwawa, msije mkaliweka mahali mtakapoambiwa mfukie.

---

Fundi Mitaro

Mawili ya haraka. Geti la malori liwekewe mawe ya inchi 2 hadi 3, unene sentimita 15, urefu mita 15, kitambaa chini. Tope likifika barabarani zoeni kwa koleo, msipige maji ya mpira, hayo yanalisukuma mtaroni.

Na dereva wa buldoza kwenye kingo mwambie apande na kushuka, asitembee kukatisha mteremko. Meno ya mnyororo yanaacha alama zinazolala kimkingamo, kila alama inashika maji na mbegu. Akitembea kukatisha, alama zinaelekea chini na kila moja ni mfereji mdogo tayari.

---

Bi Ukoka

Kwa wiki tano zako: wiki hii kingamaji cha juu na mfereji wake wa mawe, inayofuata bwawa na geti, ya tatu makingamaji ya ndani na uzio mpya, ya nne mabua. Vetiva agizeni sasa hivi, lakini zifike mvua zinapoanza, maana mashina yakikaa wiki juani hayafai. Mvua ya kwanza ikinyesha, mtu mmoja awe site na koleo wakati inanyesha, atembee kwenye tuta la juu kutoka mwanzo hadi mwisho. Palipo na unyevu upande wa chini wa tuta ndipo patakapokatika mvua ya pili.