Wauza ekstensheni za "kinga ya radi", mnatuuzia swichi na kitaa chekundu!

Wakuu, masika ndiyo haya na maduka yamejaa ekstensheni zilizoandikwa "kinga ya radi". Fungua skrubu uone: swichi, kitaa, vipande vya bati, basi. Varista, kile kidude cha duara chenye miguu miwili kinachotakiwa kumeza umeme uliozidi, hakimo. Nyingine hata waya wa ethi, ule wa kupeleka umeme ardhini, hazina, pini ya tatu ni pambo. Huu ni wizi.

Halafu mitumba ya Marekani. Ile ni ya volti 120, varista zake ni za 130 au 150. Ukiichomeka kwenye 230 yetu kwa adapta, varista inapitisha umeme hapohapo, inachemka, plastiki inashika moto. Muuzaji anakwambia "hii orijino, bosi". Orijino ya kuunguza nyumba!

Mafundi nao wanapendekeza friji gadi. Ile inafaa umeme ukipanda au kushuka kwa muda, ila inakata kwa rilei, yaani swichi inayojizima yenyewe, na rilei inahitaji milisekunde, elfu za sekunde. Radi inafika kileleni ndani ya mikrosekunde chache, yaani milioni za sekunde. Rilei ikishtuka, kompyuta ilishakufa.

Kinga ya maana inaanzia kwenye boksi la sakiti breka: SPD (kifaa cha kumwaga ardhini umeme uliozidi ghafla) ya Type 2, volti 275, na waya zake kwa jumla zisizidi nusu mita. Fundi anazungusha mita mbili eti ipendeze, wakati kila mita inaweza kuongeza kama volti elfu moja mkupuo wa umeme wa radi unapopita. Kidirisha cha SPD kikiwa chekundu, badilisha, imekufa hiyo.

Na bila ethi yote hayo ni bure. Pima kwa multimita laivu na ethi. Ikisoma 90 au sifuri, huna ethi. Ikisoma 230 usishangilie bado, maana multimita husoma hivyo hata kwenye ethi mbovu. Dai fundi aje na ethi testa.

Tena radi haipiti kwenye waya wa umeme tu. Inaingia kwa waya wa dishi na wa LAN, ule unaounganisha ruta na kompyuta, ndiyo maana ruta hufa na kompyuta ikafuata. Kuzima swichi ya ukutani hakutoshi, inaacha nafasi ya milimita chache tu. Chomoa plagi, LAN na dishi kabla ngurumo haijakaribia. Ikishafika juu yako, usiguse waya wowote.